Askari na Mtoto Asiyeketi



Huko Ediofe, mjini Arua, askari akirudi likizo aweza kumkuta mwanawe wa miaka minne haketi wala hatamki neno. Malaria ilimpanda kichwani. Uhai ulibaki, ubongo ukaumia. Majirani hunong'ona kuwa ni laana, na macho yote humwelekea mama. Huo ni uonevu mtupu: vimelea vya malaria havichagui ukoo.

Kumlisha tu huchukua saa nzima. Akinyweshwa uji amelala chali, uji huweza kuingia mapafuni, na nimonia ikafuata. Hana budi kuketishwa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, apewe kijiko kimoja kimoja, angojewe ameze. Mama hurudia hivyo kila mlo, na bado maji, kuni na muhogo vyamngoja.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 35, yamhakikishia mtoto huyu heshima na utu. Lakini afande, katiba haishiki kijiko. Wewe ufunguaye bunduki na kuiunga gizani, wiki mbili za likizo zakutosha kujifunza kumlisha. Na mshahara ufike Ediofe kabla haujapitia kantini.