Kilio Huanza Mfiwa: Mashtaka ya Jinai dhidi ya Viongozi Wakuu Wastaafu na Mwitikio wa Umma

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya waandishi wa habari na wanasheria, Arusha

1. Utangulizi



Mji tunaokutania si mgeni wa jambo hili. Tarehe 1 Mei 1998, Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alisimama hapa Arusha mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa na kukiri makosa. Septemba 4 mwaka huohuo alihukumiwa kifungo cha maisha. Kabla yake hakuna mkuu wa serikali aliyewahi kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Miaka 11 baadaye, tarehe 15 Desemba 2009, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao hapahapa, ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa. Aliyefungua shauri alitaka Senegal izuiwe kumshtaki Hissène Habré, Rais wa zamani wa Chad. Mahakama ilisema haina mamlaka, kwa kuwa Senegal haikuwa imetoa tamko la kuruhusu mtu binafsi kuifikisha mbele yake.

Swali la mada hii ni hili: kwa nini mashtaka dhidi ya mkuu wa nchi aliyestaafu mahali pengine huwasha moto barabarani, na mahali pengine huwafanya watu wakae kusikiliza ushahidi? Majibu yaliyozoeleka hutaja ukabila, umaskini au uchanga wa demokrasia. Nadhani tunapita mbali na kiini. Wazee wetu walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kesi ya namna hii ikibebwa na walioumia, umma huuliza nini kilitendeka. Ikibebwa na wanasiasa peke yao, umma huuliza wewe ni wa nani. Nitaeleza hoja hiyo kwa kulinganisha kesi ya Habré na ya Jacob Zuma, Rais wa zamani wa Afrika Kusini, kisha nitagusa Kenya na suala la kinga katika sheria zetu.

2. Kesi ya Habré: walioumia wakiwa mbele

Hissène Habré aliitawala Chad kuanzia 1982 hadi Desemba 1990, alipopinduliwa na Idriss Déby na kukimbilia Dakar. Polisi wake wa siri, waliojulikana kwa kifupi cha DDS, waliwafunga na kuwatesa watu kwa maelfu. Moja ya magereza yao mjini N'Djamena lilikuwa bwawa la kuogelea la enzi za Wafaransa, lililofunikwa kwa zege na kugawanywa vyumba vya chini ya ardhi. Tume ya uchunguzi ya Chad iliyotoa ripoti yake mwaka 1992 ilikadiria kuwa watu 40,000 waliuawa.

Serikali mpya haikuonyesha hamu ya kufuatilia. Kazi ilianzishwa na manusura wenyewe. Souleymane Guengueng, mtumishi wa ofisini aliyekaa gerezani zaidi ya miaka miwili, alikuwa ameapa mbele ya Mungu kwamba akitoka hai atapigania haki. Yeye na wenzake walikusanya maelezo ya wafungwa 792, wakayaficha hadi wakati ulipofika. Mwaka 2000 manusura walifungua mashtaka Dakar. Mwaka uliofuata, nyaraka za DDS ziligunduliwa zikiwa zimetupwa katika makao yake ya zamani. Humo yalikutwa majina ya watu 1,208 waliouawa au kufia kizuizini. Mwaka huohuo wa 2001 wakili wao, Jacqueline Moudeina, alijeruhiwa kwa guruneti akiwa katika maandamano N'Djamena. Hakuacha kesi.

Njia ilikuwa ndefu. Mahakama za Senegal zilijitoa, Ubelgiji ikaomba akabidhiwe kwake, Umoja wa Afrika mwaka 2006 ukaitaka Senegal imshitaki kwa niaba ya Afrika, na mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba Senegal ama imshitaki ama imkabidhi. Ndipo zilipoundwa Mahakama Maalumu za Afrika ndani ya mfumo wa mahakama za Senegal. Usikilizaji ulianza tarehe 20 Julai 2015.

Naomba tutazame mwitikio wa watu. Siku za mwanzo Habré aligoma, walinzi wakamleta kizimbani kwa nguvu, na wafuasi wake wakapiga kelele ukumbini. Alikuwa ameishi Dakar zaidi ya miaka 20, ana familia na marafiki, na kwa majirani wengi alikuwa mcha Mungu mkimya. Kama kesi ingebaki kuwa kati yake na mwendesha mashtaka, huenda kelele zile zingekuwa ndiyo habari yenyewe. Lakini mashahidi wakaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine, jumla yao wakapita 90. Wanawake waliopelekwa kambi za jangwani walieleza hadharani walivyobakwa na askari, mambo waliyoyanyamazia robo karne. Usikilizaji ulirekodiwa na kurushwa, na Wachad waliufuatilia wakiwa kwao. Kila shahidi alipomaliza, jina la mshtakiwa lilizidi kuwa dogo na kitendo kilizidi kuwa kikubwa.

Tarehe 30 Mei 2016, Jaji Gberdao Gustave Kam wa Burkina Faso alisoma hukumu: kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu, makosa ya kivita na utesaji. Rufaa ya Aprili 2017 iliithibitisha hukumu kwa sehemu kubwa na kuamuru fidia ya zaidi ya faranga bilioni 82 kwa waathirika 7,396. Senegal haikuvunjika, wala Chad haikuwaka moto.

Tusipambe mambo, hata hivyo. Habré alifariki Dakar tarehe 24 Agosti 2021 bila manusura kupata hata faranga moja ya fidia hiyo. Hukumu isiyotekelezwa humwacha mfiwa na cheti mkononi na njaa tumboni, na hilo ni deni la bara zima.

3. Kesi ya Zuma: walioumia wakiwa hawaonekani

Afrika Kusini ina mahakama imara kuliko nyingi barani, mawakili hodari na vyombo vya habari visivyoogopa. Kesi ya Jacob Zuma inatokana na ununuzi wa silaha wa 1999. Mwaka 2005 mshauri wake wa fedha, Schabir Shaik, alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa rushwa na udanganyifu. Rais Thabo Mbeki akamwondoa Zuma kwenye umakamu wa rais, naye akashtakiwa.

Angalia mwendo wa mashtaka hayo. Mwaka 2006 jaji aliyaondoa kwenye orodha ya kesi kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa tayari. Yalirudishwa Desemba 2007, siku chache baada ya Zuma kumshinda Mbeki katika uchaguzi wa urais wa chama chao cha ANC kule Polokwane. Septemba 2008 Jaji Chris Nicholson aliyatupa na kusema zipo dalili za mkono wa kisiasa. Mbeki akajiuzulu. Januari 2009 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Aprili 2009 mwendesha mashtaka mkuu akayafuta, na mwezi uliofuata Zuma akaapishwa kuwa Rais. Yalirudishwa tena Machi 2018, mwezi mmoja baada ya Zuma kujiuzulu. Alipokana mashtaka mwezi Mei 2021, ilikuwa imepita miaka 16 tangu ashtakiwe mara ya kwanza.

Kila mara kesi ilipoanza au kusimama, palikuwa na pambano la madaraka ndani ya chama. Mwananchi wa KwaZulu-Natal aliyesema kesi hii ni siasa hakuwa mjinga. Alikuwa akisoma kalenda. Na aliyeumia alikuwa nani? Fedha za silaha zilikuwa za umma, katika nchi iliyokuwa na wagonjwa wengi wa UKIMWI waliokuwa wakisubiri dawa. Hata hivyo, ndani ya mahakama hapakuwa na mtu wa kusimama na kusema: mimi ndiye niliyeibiwa. Palikuwa na nyaraka za malipo na hoja za mawakili, na nje ya mahakama palikuwa na umati ukimwimbia Zuma.

Juni 29, 2021 Mahakama ya Katiba ilimhukumu Zuma kifungo cha miezi 15 kwa kudharau amri ya kufika mbele ya tume ya uchunguzi wa rushwa ya Jaji Raymond Zondo. Ilikuwa ni hukumu tofauti na kesi ya silaha, lakini mitaani yote mawili yalichanganywa kuwa jambo moja: wanamwonea mzee. Alijisalimisha usiku wa Julai 7. Siku chache zilizofuata maduka na maghala yaliporwa na kuchomwa Durban na Johannesburg, na zaidi ya watu 350 walipoteza maisha. Wengi wao hawakuwa na uhusiano wowote na Zuma wala tume. Uporaji ule ulichochewa pia na njaa na ukosefu wa ajira uliozidishwa na UVIKO-19, na tutakuwa tunakosea tukiueleza wote kwa jina la mtu mmoja. Lakini cheche ilikuwa kesi ambayo wapo walioiona ni haki na wapo walioiona ni kisasi. Mwaka 2024 chama kipya cha MK, Zuma akiwa kinara wake, kilipata zaidi ya asilimia 14 ya kura, na ANC ikapoteza wingi wake bungeni kwa mara ya kwanza tangu 1994.

4. Kenya: walioumia waliposahauliwa katikati ya safari

Mfano wa Kenya ni wa karibu, ingawa wahusika hawakuwa wastaafu. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha zaidi ya 600,000. Mwanzoni umma ulizungumza juu ya wakimbizi wa ndani na kanisa lililochomwa Kiambaa. Kesi ilipofika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, mazungumzo yakahamia kwa Uhuru Kenyatta na William Ruto: jamii zao, mikutano yao ya maombi, na madai kuwa mahakama ile inaiwinda Afrika. Machi 2013 walichaguliwa Rais na Naibu Rais. Mashtaka dhidi ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya Ruto ikafutwa Aprili 2016. Waliokuwa kambini wakabaki na swali lao.

5. Pingamizi moja, na suala la kinga

Mtu aweza kusema ninalinganisha visivyolingana. Habré alishtakiwa ugenini, bila chama wala wapiga kura; Zuma alikuwa na vyote. Ni kweli kwa kiasi. Lakini hata Habré alikuwa na kilio cha kuonewa chenye msingi: Déby, aliyempindua, aliwahi kuongoza majeshi yake, na hakuguswa. Manusura walilijibu hilo kwa vitendo. Waliwashtaki pia watesaji wadogo nyumbani kwao, na Machi 2015 mahakama ya N'Djamena ikawatia hatiani maofisa 20 wa DDS. Mwenye kidonda hachagui mkosaji kwa chama chake, na ndiyo maana neno lake huaminika.

Kwetu sheria zinatofautiana. Katiba ya Tanzania, ibara ya 46(3), inazuia kumshtaki Rais mstaafu kwa jambo lolote alilolifanya kama Rais, isipokuwa kama aliondolewa na Bunge. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 143, inampa Rais kinga ya jinai akiwa madarakani, nayo haihusu makosa ambayo mkataba ulioridhiwa na Kenya unakataza kinga kwake. Zambia iliweka uamuzi mikononi mwa Bunge, ambalo Julai 2002 lilimvua kinga Frederick Chiluba. Alishtakiwa, na mwaka 2009 mahakama ya Lusaka ikamwachia huru. Kinga ina hoja zake: Rais anayeogopa jela hang'oki ikulu. Lakini kinga isiyo na mlango humwambia aliyeumia kwamba maumivu yake yana thamani ndogo kuliko utulivu wetu. Siamini kwamba utulivu wa namna hiyo hudumu.

6. Mapendekezo

Kwanza, sheria zetu za jinai ziwape waathirika nafasi ya kusikika wenyewe, si kuwa mashahidi tu. Kule Dakar waliingia kama upande kamili wenye mawakili wao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Waathirika ya 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha haki yao ya kushiriki katika kesi. Katika kesi za rushwa, pale ambapo umma mzima ndio ulioumizwa, wananchi waruhusiwe kueleza mbele ya jaji nini walikosa.

Pili, uamuzi wa kushtaki, kuahirisha au kufuta utolewe kwa maandishi yenye sababu, na uweze kupingwa mahakamani. Afrika Kusini ilihitaji miaka ya madai kupata kumbukumbu za uamuzi wa 2009 wa kumfutia Zuma mashtaka. Usiri ule ndio uliorutubisha uvumi.

Tatu, sisi waandishi tubadili mahali tunapopeleka kamera. Umati wa nje ya mahakama ni habari ya dakika mbili. Hati ya mashtaka, ushahidi wa siku hiyo na maisha ya waliodhurika ndiyo habari. Na tueleze kwa lugha nyepesi kosa ni lipi, hasa kesi zinapokuwa zaidi ya moja, maana machafuko ya Julai 2021 yanaonyesha hasara ya watu kutojua mtu amefungwa kwa lipi.

Nne, mshtakiwa apewe haki zake zote bila kupunguza hata moja: wakili, muda, dhana ya kutokuwa na hatia, na rufaa. Waliomchukia Habré ndio waliofaidika zaidi na kesi iliyofuata taratibu, kwa sababu hukumu yake haikuweza kupuuzwa.

Tano, fidia ipangiwe chanzo cha fedha kabla ya hukumu, si baada yake.

7. Hitimisho

Kumshitaki aliyewahi kuwa mkuu wa nchi si ushujaa peke yake, wala kumwacha si busara peke yake. Kipimo ni kama aliyeumia ameonekana, amesikilizwa na amelipwa. Serikali, mahakama na vyombo vya habari vikimtanguliza yeye, wananchi wetu wana uwezo kamili wa kupokea hukumu, hata iliyo chungu kwa upande wanaoupenda. Tukimficha, tusiwalaumu wakijipanga nyuma ya majina.

Ninawaomba wanasemina, katika vikundi vya majadiliano, tuanze na swali moja: katika kesi kubwa ya mwisho tuliyoiripoti au kuisimamia, ni nani aliyeumia, na je, msomaji wetu anamjua?