Wali wa mkaa na wali wa gesi

Huenda nyumbani kwako yupo mtu anayeapa kwamba wali wa mkaa anautambua kwa tonge moja tu, na wa gesi haumdanganyi. Usibishane naye. Mpime.

Pakua sahani nane: nne za mkaa, nne za gesi. Mchele uwe mmoja, chumvi ileile, sahani zote ziwe na joto sawa, na ukoko uutoe kabisa maana utatoboa siri. Panga sahani kwa kupiga kura, yeye asione, kisha achague nne anazodhani ni za mkaa.

Sasa anza kwa kudhani kwamba hajui lolote, anabahatisha. Dhana hiyo ndiyo tunayoiweka kwenye mizani. Sahani nne kati ya nane huweza kuchaguliwa kwa njia 70, na iliyo sahihi kabisa ni moja. Akipatia zote nne, ni vigumu kusema ni bahati. Lakini akipatia tatu? Hapa wengi hushangilia mapema. Anayebahatisha hupatia tatu au zaidi kwa njia 17 kati ya hizo 70, karibu robo. Hilo halimfanyi kuwa mwongo. Ushahidi tu haujatosha.

Mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher alieleza jaribio la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1935, kwa vikombe nane vya chai ya maziwa.

Kabla mtu wako hajaonja, andika kwenye karatasi ni matokeo gani yatakufanya umkubali. Ukishaandika, usibadilishe.