Uwindaji Halali kwa Mkazi wa Kipato cha Kawaida: Pa Kuanzia Kilosa na Mikumi

Mada iliyowasilishwa kwa wakazi wa kata



Barabara kuu iendayo Iringa hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, na abiria wa basi huwaona swala pala, pundamilia, nyati na tembo wakila majani hatua chache kutoka kwenye lami. Mkazi wa Mikumi ameizoea mandhari hiyo tangu utotoni. Si ajabu basi kijana wa Kidodi au Ruhembe akiuliza ni kwa njia gani mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuwinda kihalali, akaitia nyama chunguni bila kuogopa mlango ukigongwa usiku.

Jibu huanzia kwenye mipaka. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, haiwindwi kamwe. Hakuna leseni, ya bei ndogo wala ya bei kubwa, inayomruhusu raia kuwinda ndani yake. Ndivyo ilivyo pia Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, na Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Misitu ya hifadhi, kama Ukwiva, nayo ina wasimamizi na masharti yake. Kwa hiyo mkazi wa wilaya hii amezungukwa na wanyama asioruhusiwa kuwagusa, na anayeanza lazima alikubali jambo hilo kabla ya kutafuta hata risasi moja.

Kosa linalowaponza wengi ni kudhani kwamba mnyama akivuka mpaka wa hifadhi amebadili mwenyewe. Ngiri aliyeingia shamba la mahindi bado ni mali ya umma. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamlinda mtu aliyeua mnyama akiokoa maisha au mali, lakini inamtaka atoe taarifa bila kuchelewa, na nyama si yake. Swala aliyegongwa na lori usiku hana tofauti: anayeshuka na panga kumchinja kando ya barabara anajiingiza matatani.

Neno la kisheria ni nyara za serikali. Watu wengi wakilisikia hufikiria pembe za ndovu, kumbe nyama nayo imo. Kesi za kupatikana na nyara zinapofunguliwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, adhabu yake ni kifungo cha miaka 20 hadi 30. Dereva wa bodaboda anayekubali kubeba kiroba asichokijua, kwa nauli ya maji ya kunywa, yumo hatarini sawa na aliyetega. Kijana wa miaka 22 akihukumiwa leo, wanawe watamaliza shule hajatoka.

Leseni ya kuwinda si jambo la juzi. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alitoa amri ya kwanza ya kudhibiti uwindaji katika koloni lake, na tangu hapo aliyekuwa mwindaji wa kijiji akaanza kuitwa jangili kwa kukosa karatasi. Malalamiko ya wazee wa Kisagara na Kividunda kuhusu historia hiyo yana msingi, wala hayafai kupuuzwa. Hata hivyo hayawi utetezi mahakamani. Kibali cha uwindaji wa jadi kinajulikana zaidi kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Mkazi wa Kilosa hupita njia ya leseni ya uwindaji wa wenyeji.

Njia hiyo haifunguki kila wakati. Uwindaji wa wenyeji umewahi kusimamishwa na kufunguliwa tena, na hata unapokuwa wazi huwa na msimu, na huwa na mgao wa aina na idadi ya wanyama kwa kila eneo. Basi safari ya kwanza ya mwindaji ni ya kwenda kwa ofisa wa wanyamapori wa wilaya, au ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Huko aulize kama leseni zinatolewa mwaka huu, ni za wanyama gani, katika eneo gani, na kwa ada ipi. Aombe kuonyeshwa mpaka wa eneo hilo kwa jina la mto, kilima au barabara, kwa maana ramani ya mezani haisemi kitu mtu akiwa katikati ya nyasi ndefu. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na kupewa stakabadhi. Anayedai alipwe taslimu mkononi ili "aharakishe" anauza kesi.

Gharama kubwa kuliko zote ni silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki awe na umri usiopungua miaka 25, awe na akili timamu na mwenendo usiotiliwa shaka, na ajue kuitumia na kuitunza. Maombi huanzia ngazi ya kijiji au mtaa na kupanda hadi kamati za ulinzi na usalama na Jeshi la Polisi. Kuazima bunduki ya jirani si njia ya kupunguza gharama, kwa kuwa leseni ya silaha humfuata mtu aliyetajwa ndani yake. Gobore lililofuliwa kienyeji ni baya zaidi: halina leseni, na mtutu wake huweza kupasuka usoni pa anayelifyatua. Aliyerithi silaha ya namna hiyo atumie vipindi vya msamaha, ambavyo Polisi imevitangaza mara kadhaa, kuisalimisha.

Kwa sababu hiyo, anayeanza na mfuko mwembamba asianze kwa kununua. Msimu wa kwanza amfuate mwindaji mwenye leseni akiwa mbebaji na mchunaji, jina lake likiwa limefahamishwa mapema kwa askari wa wanyamapori. Hapigi risasi hata moja, ila anajifunza karibu kila kitu. Usafiri, chakula na chumvi vikigawanywa kwa watu wanne, mzigo unakuwa mwepesi. Nguo za kaki alizonazo zinatosha; aepuke bluu na nyeusi, maana ndorobo wa nyika za Mikumi huzipenda rangi hizo kupita kiasi.

Akiwa huko atajifunza kwamba upepo ni adui wa kwanza. Majivu kidogo ndani ya kitambaa, yakitikiswa, huonyesha harufu yake inaelekea wapi, na kifaa hicho hakigharimu kitu. Atajifunza kutofautisha kwato za asubuhi ya leo, zenye kingo kali, na za jana ambazo umande na wadudu wamezilainisha. Atajifunza pia subira ya kutofyatua. Mnyama hulengwa nyuma ya bega, yalipo moyo na mapafu, akiwa amesimama ubavu. Akigeuka, mwindaji mzuri hushusha mtutu. Mnyama aliyejeruhiwa hufuatwa hadi apatikane, na asipopatikana askari huarifiwa, kwani nyati mwenye risasi mwilini ndiye atakayekutana na mama anayeokota kuni kesho yake.

Mgao ukiruhusu ndege, kanga na kwale ndio shule bora ya anayeanza. Bunduki ya marisau hutosha, lakini yapita mita 35 hivi hutawanya marisau na kujeruhi tu. Kanga hushuka mitini alfajiri na kutembea kwa kundi wakiparua, na mtu mtulivu anaweza kuwangoja njiani mwao badala ya kuwakimbiza.

Yapo mambo yasiyoruhusiwa hata kwa mwenye leseni: sumu, moto, mitego ya nyaya, mashimo, kuwinda kutoka ndani ya gari, kumulika kwa taa usiku. Waya wa breki ya baiskeli au wa tairi lililochomwa ni bei rahisi mno, na ndiyo maana hushawishi. Lakini waya hauchagui. Humnasa swala, humnasa mbwa mwitu, humnasa mguu wa tembo mchanga, na aliyeutega akiwa amelala nyumbani, nyama huoza porini bila kumfaa yeyote.

Mnyama akishaanguka, joto la Kilosa halingoji. Matumbo hutolewa papo hapo, nyama ikatundikwa kivulini penye upepo. Penye Waislamu kundini, wakubaliane mapema nani atapiga na bismillahi na nani atawahi kuchinja mnyama angali hai, ili wasigombane juu ya mzoga. Aliyekutwa amekufa mwenyewe haguswi hata kidogo: kimeta huua wanyama na watu, na kuchemsha nyama si kinga kwa mikono iliyoichuna. Nyama husafirishwa pamoja na hati zake, na haiuzwi kwa majirani, kwani leseni ya kuwinda si leseni ya biashara.

Wapo ambao, wakisikia yote haya, watatambua kwamba walichokitaka ni mchuzi tu. Kwao tangu mwaka 2020 zipo kanuni zinazoruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Kilo moja iliyonunuliwa huko ni rahisi mno kuliko msimu mzima wa ada, mafuta na risasi, mradi mnunuzi aitunze stakabadhi yake hadi nyama iishe.

Kwa aliyebaki na nia ya kuwinda, leseni iliyokwisha muda hurudishwa ofisini ikiwa imejazwa aina, jinsia na mahali alipopatikana kila mnyama. Aliyerudi mikono mitupu naye aseme hivyo, maana taarifa hizo huingia katika hesabu ya mgao wa msimu unaofuata.