Kabla ya Kuvuta Kamba

Somo: Yeremia 38:6-13



Wakuu wa Yuda walimshusha nabii Yeremia kwa kamba katika shimo la matope, afe humo. Lakini Ebedmeleki, Mkushi, alimwombea kwa mfalme, akapewa watu 30 wa kumtoa. Kabla ya kumvuta alitafuta matambara makuukuu, Yeremia ayaweke makwapani, kamba zisimwumize. Wote walitumia kamba. Ebedmeleki ndiye aliyemfikiria mtu aliyefungwa nayo.

Hapa Uriri, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, tujengapo ghorofa twapandisha mawe na ndoo za saruji kwa kamba na kapi, au kwa winchi. Chini wapo vibarua, na mama aletaye uji.

Basi kila asubuhi, kabla ya kuinua lo lote, tuipitishe kamba yote mikononi, tutafute nyuzi zilizokatika au kuoza. Mnyororo tuutazame pete kwa pete. Kulabu isiwe imepanuka kinywa, na kapi iwe imefungwa imara. Kisha mzigo uinuliwe kidogo tu, usimamishwe, utazamwe, ndipo upande. Wala mtu asisimame chini yake.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamba na minyororo ya kuinulia ichunguzwe na mtu aliyeidhinishwa, angalau kila miezi 6. Hiyo ni sheria njema, lakini kamba yaweza kukwaruzwa na mawe jana jioni tu.

Mara nyingi kibarua huona hatari akanyamaza, akiogopa kukosa ujira wa siku. Sisi wenye kazi, nasi wazee wa kanisa tujengao nyumba ya Mungu, tumpe nafasi ya kusema, "Ngojeni," wala asipoteze ujira wake. Tusiseme, "Mungu atatulinda," huku tumekataa kutazama. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliagiza dari ijengewe ukingo, mtu asianguke. Ulinzi huo aliutia mikononi mwa mjenzi.

Tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kuona hatari, na moyo wa kumjali jirani aliye chini ya mzigo wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.