Gesi Asilia Badala ya Makaa ya Mawe: Maelezo kwa Wakazi wa Kata



Kwa miaka 142 Uingereza ilizalisha umeme kwa kuchoma makaa ya mawe. Mtambo wa kwanza uliwashwa London mwaka 1882. Wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Mwaka 2012 makaa bado yalitoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo. Kuporomoka kwake hakukuwa muujiza. Serikali, kwa sera yake ya tabianchi, iliweka tozo ya nyongeza kwa hewa ukaa itokayo mitamboni, na ilipofika pauni 18 kwa tani mwaka 2015, kuchoma makaa kukawa hasara. Mitambo ya gesi, mingi iliyojengwa miaka ya 1990, ilikuwapo tayari. Ikatakiwa tu kufanya kazi kwa saa nyingi zaidi. Upepo na jua vikaja kuziba pengo lililosalia.

Faida ya badiliko hilo ni ya kweli. Kwa kiasi kilekile cha umeme, gesi hutoa takribani nusu ya hewa ukaa ya makaa, wala haiachi milima ya majivu. Lakini gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na methani ikipotea hewani kabla ya kuchomwa hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa katika kipindi cha miaka 20. Kwa hiyo bomba linalovuja laweza kula faida iliyopatikana mtamboni. Jambo hili husahauliwa mno na wanaoisifu gesi.

Tanzania njia yake ni nyingine, na si haki kuipima kwa kipimo cha Uingereza. Hapa gesi haikuyaondoa makaa, kwa kuwa makaa hayakuwa na nafasi kubwa katika gridi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, iliondoa mafuta yaliyoagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni ili kuendesha mitambo ya Ubungo. Tena ilisaidia pale mabwawa yalipokauka: wengi wanakumbuka mgao wa mwaka 2006 na ule wa 2011. Bomba la kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015, likalisha mitambo ya Kinyerezi. Sasa bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limepunguza mzigo wa gesi. Hata hivyo mwaka wa ukame mitambo hiyo ndiyo itakayotazamwa tena.

Kwa vijiji vinavyopitiwa na bomba, suala la uvujaji si la mabingwa wa tabianchi pekee. Gesi asilia kwa asili yake haina harufu, hivyo pua haitoshi kuwa mlinzi. Mlio wa kufoka ardhini, mapovu katika dimbwi lililotulia, au nyasi zilizonyauka mahali pamoja ilhali jirani zake ni mbichi, ni dalili za kutosha. Aonaye hayo asiwashe moto wala chombo cha moto, asogee mbali upande unakotoka upepo, kisha amjulishe mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kata bila kungoja asubuhi. Na mkuza wa bomba usichimbwe shimo, usijengwe banda, usichomwe tanuri la mkaa.