Wajibu wa Klabu Baada ya Kipenga cha Mwisho: Mfano wa Diego Maradona



Nyota ni nani na jina kubwa hujengwaje, sote tunajua. Sitapoteza muda wenu hapo.

Diego Maradona, nyota wa Argentina, alitua klabu ya Napoli ya Italia mwaka 1984 akitokea Barcelona, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, ndiko alikoanza kutumia kokeini. Akaipa Napoli ubingwa wa Italia mwaka 1987 na 1990. Mwaka 1986, miezi michache baada ya kubeba Kombe la Dunia, alizaliwa pale Naples mtoto wake wa kiume, ambaye hakumkumbatia hadharani kama mwanawe mpaka 2016. Lengo langu si kumchafua marehemu. Hayo yaliandikwa, mengine aliyasema mwenyewe.

Nataka kukaa kwenye jambo moja: waliojua kuwa anatumia kokeini. Mwaka 2003 Corrado Ferlaino, aliyekuwa rais wa Napoli, alieleza wazi jinsi mambo yalivyokwenda. Kuanzia Jumapili usiku hadi Jumatano Diego alikuwa huru kufanya atakalo. Alhamisi alitakiwa awe safi. Kwa mchezaji aliyehofia kipimo cha dawa palikuwa na kipampu kidogo chenye mkojo wa mtu mwingine, kikifichwa ndani ya nguo za mazoezi. Yaani klabu ilikuwa na ratiba ya ulevi wa mchezaji wake, ila tiba haikuwamo!

Machi 1991, baada ya mechi na Bari, kipimo kikaonyesha kokeini. Akafungiwa miezi 15. Wapo wanaodai kinga aliyokuwa akipewa iliondolewa kwa sababu Argentina yake iliitoa Italia nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1990, tena Naples kwenyewe. Sina ushahidi. Kwenye Kombe la Dunia la 1994 nchini Marekani akakutwa na efedrini, akarudishwa nyumbani.

Ili hayo yasijirudie, haya ndiyo mapendekezo yangu. Daktari wa timu asiajiriwe wala kufukuzwa na mwenyekiti peke yake. Siri ya mgonjwa isifike kwa kocha. Mchezaji anayejitokeza kuomba tiba asikatwe mshahara. Mikataba ya vijana iwe na kipengele cha matunzo ya mtoto. Klabu itenge fungu la ushauri nasaha, lisihamishiwe kwenye usajili dirisha likifunguliwa. Kiongozi anayeficha matokeo ya kipimo afungiwe kama mchezaji. Na narudia, kwa kuwa kila semina hili hupigiwa makofi kisha huingia kabatini: daktari asiwe mtu wa mwenyekiti. Nimeona daktari akiondolewa wiki ileile aliyoshauri mshambuliaji apumzishwe, barua ilisema "kubana matumizi."

Fomu ya makubaliano kuhusu mapendekezo haya imo kwenye bahasha zenu. Naomba isainiwe kabla ya chakula cha mchana, maana baada ya hapo wenyeviti wengi huwa na safari.