MBWA KOKO NI MBWA WETU

(Mazungumzo na wananchi wa Butiama)



Leo tuzungumze juu ya mbwa na paka wanaozurura vijijini mwetu. Msicheke, jamani. Jambo hili linahusu uhai wa watoto wetu.

Tunawaita mbwa koko. Hivi, mbwa hao wametoka wapi? Hawakushuka na mvua. Mbwa jike wa mmoja wetu alizaa, watoto wakawa wengi, wakatiwa katika gunia na kutupwa mnadani. Paka naye tunamfuga akamate panya ghalani. Panya wakiisha, tunamfukuza. Akirudi kuiba kuku, tunampiga mawe. Je, mwenye kosa ni nani? Ni paka au ni sisi?

Mnyama asiye na mwenyewe hapelekwi kwenye chanjo. Hapo ndipo hatari ilipo. Kichaa cha mbwa huenezwa na mate ya mnyama mgonjwa anapouma. Huwapata mbwa, paka, ng'ombe na watu. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra sana kupona.

Wengine watasema, "Tuwaue wote, yaishe." Hayaishi. Ukiua mbwa wa kijiji kimoja, wengine huja kutoka kijiji cha jirani, nao hawajachanjwa. Kinga ni chanjo. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Jirani zetu wa Wilaya ya Serengeti wameyaona hayo. Kati ya mwaka 1996 na 2001 mbwa wa vijijini huko walichanjwa kwa wingi. Kichaa kikapungua sana, na watu wanaoumwa na mbwa wagonjwa wakapungua pia. Hata wanyama wa porini wanahusika. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao huwapata pia mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kila mwenye mbwa au paka ampe chakula na maji. Mnyama aliyeshiba hazururi sana.

Pili, siku ya chanjo ikitangazwa, tuwapeleke wote. Mtoto asipewe kazi ya kumburuta mbwa mkali; mtu mzima aende naye.

Tatu, kama hutaki mbwa wako azae, mwone daktari wa mifugo amhasi. Usitupe watoto wa mbwa.

Nne, mabaki ya machinjioni yafukiwe. Yakiachwa wazi, huwavuta mbwa kutoka kila upande.

Tano, mtu akiumwa, oshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Halafu mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano za chanjo. Usingoje dalili. Usianzie kwa mganga.

Tena tukumbuke kuwa ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama ni kosa.

Ndugu zetu, mbwa hulinda boma usiku sisi tukiwa tumelala. Hadai mshahara wala posho. Anachotudai ni chakula, maji na sindano moja ya chanjo kwa wakati wake. Deni hilo tukilipa, tunajilinda wenyewe na watoto wetu.